Nakala Zinazolala Katelembo

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua bado. Mama amemaliza kupanda mahindi na maharagwe kwenye udongo mkavu kama afanyavyo kila mwaka, na sasa anashinda akitazama upande wa vilima vya Iveti.

Leo mkurugenzi amekubali. Nimekuwa nikimwomba tangu mwaka jana radi ilipopiga mgrevilea ulio kando ya maabara. Hospitali yetu ya misheni hapa Kathiani ina seva moja, na ndani yake mna kila kitu: nani alilazwa, nani alipewa dawa gani, nani amezaa. Kila mchana na kila jioni seva hiyo hujipiga picha. Si picha ya sura yake. Ni hali ya diski nzima ilivyo saa ile, kila faili mahali pake, ili mtu akifuta kitu kwa bahati mbaya niweze kurudi nyuma na kukitoa. Watu wanaisifu sana. Wasichokijua ni kwamba picha zenyewe zinakaa kwenye diski zile zile. Mashine ikiungua, zinaungua nayo.

Kwa hiyo tutaweka seva ya pili katika zahanati yetu ya Katelembo, ng'ambo ya mji wa Machakos, na picha zitakuwa zikitumwa huko. Kazi ni yangu mimi na Levi, fundi mwenzangu wa mtandao. Levi kila kitu kikikwama husema, "Itajipa," yaani mambo yatajipanga yenyewe. Simtegemei sana.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumepeleka seva. Ni ile ya zamani ya maabara, nzito lakini nzima. Kioko, afisa wa tiba anayesimamia zahanati ya Katelembo, ametupa chumba kilicho kando ya friji ya chanjo kwa sababu kina stima ya sola isiyokatika. Aliitazama mashine kwa muda.

"Na hii kitu inakula nini?"

"Stima tu," nikamwambia.

"Basi tutaishi vizuri."

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nimelala. Joto.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimegombana na Sista Kamanthe.

Sista Kamanthe ndiye muuguzi anayesimamia kliniki ya kifafa. Alianza kazi hapa nikiwa bado shule ya msingi. Asubuhi aliingia ofisini kwangu bila kubisha, akasimama.

"Nasikia rekodi za watu wangu zinahama."

"Hazihami, Sista. Ni nakala tu. Za hapa zitabaki hapa."

"Nakala inaenda wapi?"

"Katelembo."

"Wewe unajua watu wangu wangapi wanatoka upande wa Katelembo? Wanapita zahanati ya nyumbani kwao, wanakuja mpaka hapa, ndio jirani asiwaone. Halafu wewe unachukua siri yao unairudisha pale pale."

Nilimweleza kwamba nakala itafungwa kwa neno la siri kabla haijatoka hapa, na asiye na neno hilo ataona herufi zisizo na maana.

"Na hilo neno ni nani ako nalo?"

"Mimi."

"Basi umetoa siri mkono moja ukaweka mkono ingine."

Nikamwambia radi ikipiga hatakuwa na siri ya kulinda. Niliisema vibaya. Akatoka. Nimeambiwa jioni kwamba amemwomba mkurugenzi asimamishe kazi.

Jumatano, 22 Oktoba

Kazi imesimamishwa. Nimekasirika. Huyu Sista ni mama mkaidi, basi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nilikwenda kwenye kliniki yake nikiwa na nia ya kubishana. Nikakuta foleni, nikakaa nisubiri.

Kila mgonjwa aliyetoka alimrudishia Sista kadi yake. Wote. Mmoja aliisahau mfukoni, akarudi mbio kutoka getini. Foleni ilipokwisha nikamuuliza Sista kwa nini hawaendi nazo nyumbani kama wagonjwa wengine.

"Kulikuwa na msichana wa hapa juu," akasema. "Mahari yamejadiliwa, siku imepangwa. Kadi ikaanguka kanisani, ikaokotwa na shangazi ya kijana. Harusi ikaisha hapo. Tangu siku hiyo nikasema kadi zilale hapa. Na tangu kompyuta zije hata kadi zenyewe siandiki kitu. Ni jina tu na tarehe ya kurudi. Kila kitu kiko ndani ya mashine yako."

Nilikuwa sijajua. Nilidhani mahali fulani kuna karatasi. Kumbe hakuna. Dawa gani ilijaribiwa ikakataa, kipimo gani kilimtuliza mtu baada ya miaka ya kubahatisha, yote yako kwenye ile seva moja na hayako kwingine popote duniani.

Nikamwambia hivyo. Akaziweka chini kadi alizokuwa akizipanga.

Mwishowe nikasema, "Neno la siri tuligawe. Nusu yako wewe, nusu yangu mimi. Mmoja akikosekana, nakala haifunguki. Na nusu yako usiniambie."

Alifikiri sana. Akaniuliza kama mkurugenzi anaweza kumlazimisha aitoe. Nikasema hawezi kulazimisha kichwa cha mtu. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kumwona akitabasamu, akaja tukafungua mashine. Nilipogeuza uso dirishani nilimsikia akibonyeza herufi moja moja, taratibu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sista mwenyewe amemwambia mkurugenzi kazi iendelee. Picha ya kwanza imeanza safari. Ya kwanza ni lazima iende nzima, kwa hiyo ni ndefu. Zitakazofuata zitabeba mabadiliko tu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Bado inakwenda. Mvua imeanza alfajiri. Mama ameimba akichota maji.

Jumatano, 29 Oktoba

Imefika. "Imekamilika," ndivyo programu yangu ilivyoandika. Levi akasema si alisema itajipa.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sista alinikuta kwenye varanda. "Umeshaifungua?"

"Imekamilika, Sista."

"Sikuuliza hivyo."

Ikabidi twende naye Katelembo, mimi nikiwa nimenuna. Kioko akatutilia chai. Nikaingiza nusu yangu, Sista akaingiza yake, na nakala ikakataa kufunguka. Nikajaribu tena. Ikakataa. Nilipoichunguza nikaona mkia wake umekatika. Mvua ilikata mtandao faili likiwa njiani, na programu niliyoiandika kwa mikono yangu ikaona kimya kile ikadhani kazi imeisha.

Nilingoja aseme neno. Alimaliza chai yake, akamuuliza Kioko hali ya mama yake, na njiani kurudi akaniambia tu, "Ni vizuri tumejua kukiwa kumetulia."

Jumanne, 4 Novemba

Nimebadilisha programu. Sasa picha ikifika, seva zote mbili zinaipima upya na kulinganisha vipimo. Visipofanana, inatumwa tena. Nimetuma yote upya.

Ijumaa, 7 Novemba

Katelembo tena. Imefunguka. Nimeweka huko programu ile ile ya rekodi tunayotumia hapa, ili nakala isomeke bila kuirudisha kwanza Kathiani. Sista alitafuta jina moja, akasoma peke yake, midomo ikicheza, akafunga.

"Nesa," akasema kwa Kikamba, yaani ni vizuri. Kwake hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 10 Novemba

Picha zimefika, ya mchana na ya jioni. Mvua.

Jumanne, 11 Novemba

Zimefika. Mvua. Viatu havikauki.

Jumatano, 12 Novemba

Zimefika zote mbili. Maharagwe yamefunika udongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Hazijafika. Upepo umeupinda mlingoti wa mtandao ulio juu ya kilima. Nimempigia simu fundi wa kampuni, anasema wiki ijayo, barabara ikikauka.

Ijumaa, 14 Novemba

Hazijafika. Sista hupita mlangoni, ananitazama, natikisa kichwa, anaendelea na safari yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Mchana nilikuwa nyumbani nikipalilia na mama, simu ikalia. Ni Levi.

"Mwelu, angalia kama sasa inaenda."

"Uko wapi?"

"Huku juu kwa mlingoti."

Alikuwa amepanda kilima peke yake kwa miguu, siku yake ya kupumzika, matope mpaka magotini, akafunga kamba, akapanda akaunyoosha kati ya manyunyu na manyunyu. Nilifungua kompyuta hapo hapo shambani. Picha zilikuwa zinasogea. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia tuende wote.

"Ungekataa," akasema. "Ungesema tungoje kampuni."

Ni kweli ningekataa. Nilimpelekea maparachichi kwao jioni. Sikujua niseme nini, nikasema maparachichi ni ya mama.

Jumatatu, 17 Novemba

Zimefika zote mbili.

Jumanne, 18 Novemba

Naandika hivi usiku sana.

Baada ya chakula cha mchana mawingu yalishuka mpaka yakagusa paa. Nilikuwa nikiangalia picha ya mchana ikienda Katelembo, ikiwa imefika kama nusu, dirisha likawa jeupe. Sikusikia kishindo cha radi. Nilikihisi kwenye meno. Taa zote zikazimika, na kutoka chumba cha seva ikatoka harufu ya plastiki inayoungua.

Levi alifika kabla yangu, akakata stima ukutani. Betri ya dharura ilikuwa imepasuka ubavuni. Tulipoivuta seva nje ya kabati, upande wa diski ulikuwa mweusi. Tukaunganisha diski moja kwenye kompyuta nyingine, haikuzunguka. Ya pili vile vile. Levi alikuwa akinikabidhi moja moja, na alipofika ya mwisho hakusema kwamba itajipa.

Tulikuwa hapo sakafuni Sista Kamanthe alipokuja. Hakuuliza kuhusu mashine.

"Mwelu, kuja wodini. Kuja sasa."

Kitandani kulikuwa na kijana, mwashi, nguo zake zimejaa saruji. Wenzake walikuwa wamemleta kwa pikapu kutoka mjengoni. Alianguka akitetemeka, akatulia, akaanza tena, na alikuwa hajarudiwa na fahamu. Daktari Njogu alikuwa ameshampa sindano ya kwanza. Mtetemeko ukapungua, kisha ukarudi kuanzia kwenye mdomo.

"Ni Musau," Sista akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni mtu wangu. Amekaa miaka bila kuanguka. Kuna dawa moja ilimchoma ngozi zamani, karibu tumpoteze. Lakini wakati ule walikuwa wawili, yeye na mwingine, kila mmoja na dawa yake, na sikumbuki ya nani ilikuwa ipi."

Daktari alikuwa na chupa ya fenitoini, dawa ya kuzuia kifafa, mkononi. "Hii ndiyo tuko nayo karibu," akasema. "Siwezi kungoja sana, Sista. Akiendelea hivi ubongo utaumia. Mke wake je?"

"Mke wake hajui kama ni mgonjwa."

"Na rekodi?"

Alinitazama. Nikamwambia seva imeungua.

Halafu nikasema Katelembo. Nikaisema kama mtu anayeota, kwa sababu katikati ya njia daraja la chini lilikuwa limefunikwa na maji, hakuna gari lingepita, na nakala haifunguki bila sisi wawili. Simu yangu ilikuwa na mtandao. Kioko alishika simu mara moja.

"Kaa mbele ya ile mashine," nikamwambia. "Washa skrini. Nitakusomea kitu, uandike vile nasema, herufi kwa herufi."

Nilimsomea nusu yangu pale pale wodini, mbele ya daktari na wauguzi. Kisha nikamnyooshea Sista simu.

Hakuipokea. Aliitazama kana kwamba ina moto. Najua alichokuwa akikiona. Watu wote wale waliopita zahanati ya nyumbani kwao ili jirani asiwaone, na sasa yeye ndiye wa kumpa jirani ufunguo, kwa sauti yake mwenyewe. Musau alianza kutetemeka tena, saruji ikawa inadondoka kutoka kwenye suruali yake.

Sista akachukua simu, akatoka varandani. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, kwa hiyo sikusikia neno lake, na nadhani ndiyo maana alitoka. Nilimwona kwa dirisha, amefunika simu kwa kiganja, mgongo kwetu.

Akarudi. "Anasema imekataa."

"Mwambie tena. Polepole. Kama kuna herufi kubwa, mwambie."

Akatoka tena. Daktari Njogu alikuwa ameshachoma sindano kwenye kizibo cha chupa. Hakuwa ameivuta bado. Mimi nilikuwa nikifikiria mkia uliokatika, faili lililodai limekamilika, na kila mvua iliyonyesha tangu siku ile.

Sista aliingia akiwa ameweka simu kwenye spika, sketi yake imelowa. Sauti ya Kioko ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesoma somo kanisani.

"Imefunguka. Picha ya mwisho ni ya jana jioni. Niambie jina, Sista. Jina moja tu."

Akamwambia.

"Niko kwake. Imeandikwa kwa herufi kubwa, juu kabisa. Fenitoini. Ngozi ilichubuka mwili mzima, midomo na macho. Asipewe tena. Chini yake, dawa iliyomtuliza, valproeti, na kipimo chake." Akakisoma.

Daktari Njogu aliirudisha ile chupa kwenye trei. Aliiweka taratibu sana, akaisukuma mbali kidogo kwa kidole. "Famasia," akasema, "waulize kama tuko na valproeti ya sindano." Muuguzi mmoja akakimbia. Walikuwa nayo, na Musau akachomwa.

Tulisimama. Mtetemeko ulianza kupungua mkononi, kisha begani. Mdomo ndio ulichelewa. Halafu Musau akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyelala, na Sista Kamanthe akakaa kwenye kiti cha wageni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kioko bado alikuwa kwenye simu. "Nimefunga," akasema. "Sikusoma kingine. Na yale maneno, kesho myabadilishe."

"Tutabadilisha," Sista akasema. Kisha akamshukuru kwa Kikamba, "Ni muvea, Kioko."

Jumatano, 19 Novemba

Musau ameamka. Ameuliza ni nani ameegemea ukuta wake kabla haujakauka.

Mkewe, Ndinda, alikuja asubuhi na chupa ya uji. Alimuuliza Sista mumewe ana nini. Sista akamwambia, "Anaongea sasa. Atakwambia yeye mwenyewe." Akawavutia pazia.

Walikaa sana nyuma ya pazia lile. Ndinda alipotoka macho yalikuwa mekundu, akaenda bombani akaosha chupa, akarudi ndani.

Ijumaa, 21 Novemba

Maji yameshuka darajani. Levi na mimi tumeleta diski mpya kutoka Machakos, tukazipakia nakala ya Katelembo. Tumepoteza asubuhi moja tu ya kazi, ile ya Jumanne, na wauguzi wameiandika upya kutokana na vikaratasi vya famasia. Mkurugenzi alikuja kuangalia, akauliza ingekuwaje kama Levi hangepanda kilima. Nikamwambia tungepoteza karibu wiki nzima. Levi akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumebadilisha neno la siri, nusu zote mbili. Nimegeuza uso dirishani. Sista alipomaliza alisema kwamba angependa Kioko awe na bahasha iliyofungwa, ndani nusu yake, endapo yeye Sista atakuwa hapatikani. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kioko?"

"Alisoma jina moja akafunga," akasema. "Mtu kama huyo ni wa kupewa."

Jumanne, 25 Novemba

Zimefika. Mvua ndogo. Nimelala mapema, nimelala kweli.

Jumatatu, 1 Desemba

Zimefika. Tumetundika waya mpya wa kuzuia radi. Mama ameuliza kwa nini siku hizi natabasamu peke yangu jikoni.

Jumanne, 9 Desemba

Siku ya kliniki ya kifafa. Nilikuwa nimeenda kurekebisha printa ya Sista, nikawakuta Musau na Ndinda kwenye benchi, katikati ya foleni. Kabla ya leo Musau hakuwahi kuja na mtu hata siku moja, Sista alininong'oneza, na wengine kwenye foleni walikuwa wakimtazama yule mke kana kwamba amepotea njia.

Zamu yao ilipofika Ndinda hakungoja mlango ufungwe.

"Sista, ile dawa mbaya. Inaitwa aje? Nataka kuijua, akianguka nikiwa mimi tu nimwambie daktari."

Sista alitazama mlango uliokuwa wazi, kisha akamtazama Musau. Musau aliinamisha kichwa, akakiinua, akaitikia.

"Fenitoini," Sista akasema.

"Fenitini."

"Fe-ni-to-i-ni."

Ndinda alijaribu tena, akakosea. Mzee mmoja kwenye benchi akacheka kidogo, si kwa ubaya, kisha yeye mwenyewe akalijaribu jina, na mama aliyekuwa kando yake akamrekebisha. Musau alikuwa akimtazama mkewe jinsi anavyohangaika na lile neno. Akamshika mkono.

"Sema na mimi," akamwambia.

Wakalisema pamoja, kwa sauti, mlango ukiwa wazi.